Urefu wa Mama

Tangu tumzike, baba amekuwa akirefuka. Kila penye sherehe ndugu yangu humwongezea kidogo. Kwenye arusi ya binamu yetu alimtaja kama mtu wa kimo cha kuridhisha. Kwenye harambee ya kanisa nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mgeni wa heshima kwamba baba ilikuwa lazima ainame ndipo apite mlango wa nyumba yetu. Mlango wenyewe bado uko, nilikuwa nimeupita asubuhi ile ile. Baba angeupita na kofia yake kichwani na mtungi wa maziwa juu ya kofia, na nafasi ingebaki.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyefanana naye. Ninafundisha shule ya msingi upande wa Sigowet, na nikiandika ubaoni huanzia katikati, maana huko juu sifiki. Miguu mifupi ni ya baba, shingo fupi ni ya baba, na ulimi huu pia watu husema ni wake. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ni mrefu. Binti yake ni mrefu kumshinda. Urefu wao umetoka kwa mama, na kila mtu wa rika langu pale kwetu, nje kidogo ya Sosiot, anajua hivyo. Shida ni kwamba mama sasa ni mfupi.

Mama alichuma majani chai kwenye shamba kubwa la kampuni tangu usichana wake mpaka chai yetu wenyewe ilipokomaa, kisha akaichuma hiyo. Alibeba kikapu mgongoni, na majani ya asubuhi huwa yamelowa umande, mazito kama mtoto asiyetaka kushuka. Mgongo ulianza kupinda polepole. Kwanza yalikuwa mabega, halafu kifua kikaingia ndani, na leo akisimama uso wake unatazama ncha za viatu vyake. Wajukuu wamemjua hivyo. Mke wa ndugu yangu alimkuta hivyo. Kwao yeye ni bibi mdogo anayekaa karibu na moto.

Mimi namkumbuka akiwa wima. Wanyapara walimpenda kwa sababu akisimama kati ya mistari miwili ya chai, mikono yake ilifika katikati ya vichaka vya pande zote mbili bila kuvunja matawi. Nyumbani kamba za ng'ombe zilipimwa kwake. Alitandaza mikono, kamba ikapita kifuani kutoka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule, na hiyo ndiyo ilikuwa pima moja. Baba akienda kununua ndama Siongiroi alichukua kamba ya pima mbili za mama. Siku moja mama akiwa shambani, baba alijipimia kamba kwa mikono yake mwenyewe, na ndama aliyefungwa kwa kamba hiyo alishinda akiyatazama maji bila kuyafikia.

Jikoni kuna msumari. Mama aliupigilia ukutani uwe wa kutundikia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na aliupigilia mahali mkono wake ulipofika. Sasa kibuyu kiko chini kwenye rafu na msumari umebaki huko juu na kutu yake. Mimi nikitaka kuugusa lazima nipande kiti. Wageni wakiuliza nani aliupigilia, ndugu yangu hujibu haraka kwamba ni mzee.

Mwaka uliopita mama alikohoa na kukonda, nikampeleka zahanati. Muuguzi alitaka kujua kama uzito wake unalingana na kimo chake, akamsimamisha penye kipimo na kuishusha ile mbao ndogo. Mbao iligusa mgongo badala ya kichwa. Muuguzi aliiangalia kidogo, akairudisha juu.

"Mama, keti hapa," alisema. "Sasa tandaza mikono kama mtu anataka kukumbatia ng'ombe."

Mimi nilishika mwisho mmoja wa utepe kwenye kidole cha kati cha mkono wa kushoto, yeye akauvuta mwingine mpaka kulia. Ilikuwa mita moja na sabini na sita. Akaandika hivyo hivyo, mahali pa urefu.

Hesabu hiyo naijua. Darasani mimi huwapa wanafunzi uzi, wakajipima kutoka kisigino mpaka utosini, halafu wakautandaza uzi ule ule kwenye mikono, na huwa wanacheka wakiona umelingana au umekaribia. Wengine huzidi vidole viwili, wengine hupungukiwa, lakini ni wachache walio mbali na pima yao. Nimeifundisha miaka na miaka na haikuwahi kunijia kwamba uzi huo unaweza kutoa habari za mtu ambaye hawezi tena kusimama wima. Nilimtazama mama pale kwenye benchi la zahanati, mikono imekwenda huku na huku, na nikamwona yule mwanamke wa kwenye chai amekaa palepale kwa upana.

"Kumbe ulikuwa mrefu hivi?" muuguzi aliuliza.

"Kwani ulifikiria nilizaliwa nikiangalia chini?" mama alisema.

Nilimpigia ndugu yangu simu Nairobi siku hiyo kumweleza. Alisema ni vizuri, akauliza kama dawa zimepatikana, akasema yuko kwenye mkutano.

Halafu binti yake akapata mchumba, na mvua ya masika ikiwa imeshika tukaanza kujiandaa kwa koito, siku ambayo watu wa mume huja rasmi nyumbani kumwomba msichana. Zamani koito ilikuwa wazee, maziwa na maneno. Sasa kuna hema lenye vitambaa vya kung'aa, kuna mpiga picha na droni yake ya kutisha ng'ombe, na kuna kijana mmoja kutoka mjini ambaye kazi yake ni kupanga viti na kukunja pua. Walileta maua ya plastiki, magunia mawili. Mtu anapita barabara nzima kati ya majani mabichi, anafika kwenye boma lenye maua ya kweli mpaka chooni, anashusha plastiki inayonuka duka.

Familia ilikuwa ivae sare. Mke wa ndugu yangu alituma kitambaa kwa fundi wa nguo pale Sosiot, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, naye amezaliwa na kuzeekea hapa. Mimi nilikwenda nikapimwa. Vipimo vya mama vilitumwa kwa simu kutoka Nairobi. Nilipoenda kuchukua nguo nilitandaza gauni la mama juu ya meza na kuona mikono yake haifiki hata mahali ambapo mtu huvaa saa.

"Hii mikono ni ya nani?" niliuliza.

"Ya kogo, yule bibi yenu, Madam. Niliambiwa ni mtu mfupi, ati kama mtoto wa gredi ya tano. Sasa mimi nikakata mikono ya mtoto wa gredi ya tano."

"Si unamjua mama? Si anapitanga hapa siku ya soko?"

"Namjua. Hata nilisema nitakuja nimpime. Nikaambiwa hakuna haja, hiyo siku atakaa tu ndani."

Nilimwuliza arudie. Alirudia akiangalia cherehani yake, kwa sababu alikuwa ameshaelewa kwamba mimi sikuwa nimeambiwa.

"Basi ongeza kitambaa kwenye mikono," nilisema.

"Kimeisha, Madam. Kile kilibaki walichukua cha kufunga viti."

Ikawa kwamba viti vya kukodi vitavaa utepe kwa nyuma na mama atabaki na mikono nje. Nililikunja lile gauni, nikatoka bila kuaga vizuri. Ningefungua mdomo ningetapika maneno ambayo fundi hakustahili.

Ndugu yangu na mkewe walifika siku moja kabla ya sherehe. Mkewe alimsalimia mama kwa ncha za vidole, kisha akatoa kichupa cha dawa kwenye mkoba akajisugua viganja mpaka kwenye kucha. Mama hakuona, kwa kuwa haoni juu ya magoti ya watu. Mimi niliona. Niliwaita wote wawili nyuma ya zizi na kuwauliza habari ya kukaa ndani.

"Mama atachoka," ndugu yangu alisema. "Na kuna baridi. Tumempangia kiti kizuri pale dirishani, ataona kila kitu."

"Ataona nini, na shingo hiyo?"

Mkewe aliingilia kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto wa mtu mwingine. "Mwalimu, usichukulie vibaya. Ni mambo ya picha tu. Familia inasimama laini moja, na Mama akiwa hapo katikati, inakaa kama kuna shimo."

Alisema shimo. Nimeishi na watoto wa watu miaka mingi, nimesafisha matapishi, nimetoa funza kwenye vidole, na hakuna kilichowahi kunichefua kama hilo neno likitoka kwenye midomo iliyopakwa rangi vizuri namna ile. Ndugu yangu alikuwa akifuta tope kwenye kiatu kwa jani. Mikono yake, ile mirefu, ilifika chini bila yeye kukunja magoti.

"Na siagi atapaka nani?" niliuliza.

Katika nyumba yetu bibi mzaa baba ndiye huwapaka siagi msichana na mchumba wake kwenye paji la uso, ndipo watu wajue kwamba wamebarikiwa. Mimi nilipakwa na mama wa baba. Hakuna aliyewahi kuchukua kazi hiyo bibi akiwa hai.

"Nitapaka mimi," mkewe alijibu. "Mama hawezi kumfikia. Na huyu msichana hawezi kupiga magoti kwenye nyasi imelowa, hiyo gauni yake ni ya kukodi."

Niliporudi jikoni nilimkuta mama na kibuyu mapajani, anakitikisa. Siagi hiyo alikuwa akiitengeneza mwenyewe tangu asubuhi, na hakutaka kupokelewa. Jiko letu lina dirisha linaloangalia zizi, na maneno ya nyuma ya zizi husikika jikoni kuliko yanavyosikika uwanjani. Nilikaa karibu naye nikingoja aseme kitu. Aliuliza kama ng'ombe mweusi amekamuliwa.

Siku yenyewe mvua iliacha mapema. Mama alivaa gauni lake la sare na mikono yake ikatokeza, mikavu, yenye mishipa, na madoa ya utomvu wa chai ambayo hayajawahi kutoka kwenye vidole. Mke wa ndugu yangu alimpeleka mwenyewe mpaka kiti cha dirishani, akamfunika miguu kwa shuka, akamwambia asihangaike. Aliifanya kazi hiyo kwa upole wote.

Wageni walikaa upande wao, sisi wetu. Koo zilitajwa, ng'ombe wakasemwa kwa mafumbo, watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha mzee wa upande wa mume, aliyekuwa amekaa na fimbo katikati ya magoti, akamwangalia msichana akiwa amesimama na viatu vyake virefu, amempita mchumba wake kwa kichwa.

"Sisi tumefurahi," alisema. "Lakini tuko na swali. Hii urefu imetoka upande gani? Tunataka kujua vile wajukuu wetu watakuwa."

Ndugu yangu alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Imetoka kwa babu yake, marehemu baba yangu. Huyo mzee alikuwa kama nguzo ya stima."

Majirani wetu wazee waliangalia chini. Mmoja alikohoa, mwingine akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Wote walimfahamu baba, wote walikuwa wamemwona akipanda gogo ili kumvika punda matandiko, na wote walinyamaza kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa. Niliwatazama mmoja mmoja. Ningependa kusema niliwasikitikia, lakini niliona tu midomo inayongoja nyama. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka ili niseme ukweli wangu na koito ivunjike ikitaka, ndipo mwenye kuongoza sherehe akaita siagi.

Niliingia ndani kuichukua. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, shuka liko sakafuni, bakuli liko mikononi mwake.

"Nishike kwa kiwiko," alisema. "Hapo kwa ngazi kunateleza."

Tulitoka. Kutoka mlangoni mpaka hemani si mbali, lakini kwa mwendo wake watu wote walipata muda wa kugeuka. Mke wa ndugu yangu alikuja mbio, meno yote nje, akashika ukingo wa bakuli.

"Mama, leta nikusaidie."

Mama hakuliachia. Walishikana hivyo na bakuli katikati, mmoja akitabasamu kwa ajili ya kamera, mwingine akiangalia nyasi. Kisha mama akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi bado niko hai, mtoto wangu." Mkono wenye kucha ndefu ukaachia.

Msichana alipomwona bibi yake amemkaribia alianza kushuka kupiga magoti, na lazima niseme kwamba hakusitasita. Mamake alinong'ona kwa ukali, "Gauni!"

"Usipige magoti," mama alisema. "Simama tu, hapo hapo."

Alinipa bakuli nilishike, akachovya vidole, akainua mikono. Ile mikono mifupi ya gauni iliteleza mpaka kwenye viwiko na haikugusa siagi hata kidogo. Mikono yenyewe iliendelea kupanda. Ilipita kiuno cha msichana, ikapita kifua, ikapita yale maua ya plastiki waliyombandika begani, na mama hakuinua uso, hawezi, alikuwa anaviangalia vile viatu virefu wakati vidole vyake vinatafuta kidevu, pua, kisha paji la uso. Vilifika, na bado viwiko havikuwa vimenyooka sawasawa. Alipaka taratibu kutoka katikati kwenda kando, kama alivyopakwa yeye. Mchumba hakuwa tatizo kabisa, yule alikuwa chini. Sijui mabega yalimwuma kiasi gani, hakuniambia.

Yule mzee wa wageni alikuwa ameegemea fimbo yake mbele. Alimtazama mama kutoka vidole mpaka viwiko, kisha akamtazama ndugu yangu, ambaye wakati huo alikuwa anaiangalia droni kama mtu aliyeona ndege wa ajabu.

"Sasa tumeona ni upande gani," mzee alisema, akakaa vizuri.

Nyama ikapakuliwa. Majirani wakapata sauti zao, wakaanza kukumbushana jinsi mama alivyokuwa akichuma chai, wakiongea na mafuta midomoni. Niliwapelekea maji ya kunawa.

Picha zilikuja kwenye kikundi cha familia cha simu baadaye, zimesafishwa, kila mtu ana ngozi ya mtoto mchanga. Niliziangalia jikoni, mama akiwa karibu nami. Laini ya familia ilikuwa imenyooka na haikuwa na shimo. Nikaendelea kushuka mpaka picha ya siagi. Walikuwa wameikata upande wa chini. Sijui ni mpiga picha au ni mke wa ndugu yangu, na sikuuliza, kwa sababu jibu lolote lingenichafua roho tena. Msichana alionekana kuanzia kifuani, amefumba macho. Mama hakuwepo. Lakini mikono miwili ilikuwa imeingia kutoka ukingo wa chini wa picha, mirefu, mitupu mpaka kwenye viwiko, imepanda hadi kwenye paji la uso, na hapo mkataji alikuwa ameshindwa. Kuiondoa ingebidi amkate msichana uso.

Nilitaka kuifuta asiione. Mama alishaichukua simu, akaileta karibu na macho, karibu sana.

"Hii mikono ni ya nani?" aliuliza.

Aliiweka simu mezani, akatandaza mikono yake pande mbili juu ya mbao, mmoja ukafika kwenye kibuyu, mwingine ukafika kwenye goti langu. Aliitazama, akaitazama ile ya kwenye simu.

"Ni yangu," alisema.